Diski Isipoamka Usikimbilie Kuifuta

Haraka haraka haina baraka, na usemi huo unafaa kubandikwa juu ya televisheni za siku hizi.

Majuzi nilitoka Ruiru kwenda Thika kumwona mama. Alitamani kutazama video ya arusi ya dada, ambamo marehemu baba anaonekana akicheza. Imo katika diski ya nje, wala hakuna nakala nyingine. Kisanduku cha televisheni kina tundu moja tu la USB, basi tukatumia habu, kile kidude cha kugawa tundu moja kuwa manne. Diski ikalia tik-tik, ikanyamaza. Kwenye kioo tukaulizwa kama tungependa kuifomati. Kitindamimba wetu tayari alikuwa ameshika rimoti; nikamzuia. Kufomati ni kufuta!

Maradhi yalikuwa njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 hutakiwa kutoa miliampia 500, na habu huzigawa kwa vyote vilivyochomekwa. Diski inapoanza kuzunguka huweza kuhitaji zaidi. Tulinunua habu yenye adapta yake ya ukutani, diski ikaamka, na mama akamwona mzee wake.

Msomaji, kabla ya kubonyeza chochote, chomeka diski bila habu, au ijaribu kwenye kompyuta. Ikifunguka, toa nakala ya pili siku hiyo hiyo.