Betri mpya, asilimia za uongo

Nimekuwa kimya majuma matatu, na sababu ni betri. Kuna laptopu hapa nyumbani iliyoundwa mwaka wa 2011. Niliinunua ya mtumba nikiwa chuo kikuu, ikanivusha hadi digrii, na sasa anaitumia mdogo wangu anayejifunza kuandika programu. Ina RAM ya gigabaiti 8 na SSD niliyoitia baadaye, na ukiiwashia Debian inafanya kazi bila kunung'unika. Kwa hivyo wale wa "si ununue mpya tu" watulie kwanza.

Tatizo ni stima. Mtaani kwetu hupotea bila kubisha hodi, na betri ya zamani ilikuwa imekufa kabisa. Mara mbili mwezi mmoja mdogo wangu alizimikiwa katikati ya kazi ya darasani. Mara ya pili faili ilifunguka tupu. Akalia. Mimi nikaenda Luthuli.

Betri niliyouziwa imeandikwa volti 10.8 na mAh 5200, yaani karibu wati-saa 56. "Hii ni orijino kabisa, bosi," muuzaji akasema. Nikamuuliza orijino ya mwaka gani, maana walioiunda laptopu hii waliacha kuitengenezea betri zamani. Akacheka, akaniandikia warantii ya miezi mitatu.

Nyumbani nikafungua /sys/class/power_supply/BAT0, mahali ambapo Linux huweka habari za betri. Kila kitu kilikuwa kizuri mno: uwezo wati-saa 56, mara ilizochajiwa sufuri. Lakini ikifika asilimia 43, pu! Giza.

Asilimia ile haipimwi kama mafuta kwenye tangi. Ndani ya betri mna chipu inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kisha inalinganisha na uwezo iliotajiwa kiwandani. Ukiiambia seli ni mpya itaamini, hata kama zimeng'olewa kwenye betri chakavu. Seli zenyewe ni sita, jozi tatu zilizofuatana. Jozi moja ikiishiwa kabla ya wenzake, saketi ya ulinzi hukata umeme wote, kwa sababu seli ya lithiamu ikikamuliwa kupita kiasi huharibika, na kuichaji tena kunaweza kuwa hatari.

Niliandika skripti ya mistari kumi inayorekodi volti kila sekunde 30. Zinashuka polepole hadi 10.7, halafu ndani ya dakika mbili ziko 9.6, kisha kimya. Jozi moja ni mbovu, basi. Mbili ziko sawa!

Fundi mmoja alikubali kubadilisha seli, ila akanionya kwamba chipu za betri nyingi hujifunga pindi zinapokosa umeme, na bila programu maalum hazifunguki. Yaani mkono upo, vifaa vipo, seli zipo, na kinachokataa ni kichipu kidogo kama punje ya mahindi. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko hata bei.

Umoja wa Ulaya umelitungia jambo hili kanuni, ya mwaka wa 2023. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027 inataka betri za vifaa kama hivi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, na za kubadilishia zipatikane kwa angalau miaka 5 baada ya kifaa cha mwisho cha aina hiyo kuingia sokoni. Vizuri, kwa wao. Laptopu nyingi tunazouziwa hapa zimetumika ng'ambo miaka kadhaa kabla ya kutufikia, kwa hivyo ile miaka 5 itakuwa ikielekea ukingoni pale yetu inapoanza.

Kwa sasa skripti yangu haitazami asilimia tena. Volti zikigusa 10.6 inahifadhi faili na kuzima mashine kwa adabu. Tunapata dakika 25. Jumamosi narudi dukani, na jedwali la volti nimelichapisha kwenye karatasi mbili.