Si Kila Kadi ni ya Gemu

Uliza hapa chuoni kadi ya grafiki ipi ni nzuri, utajibiwa kwa gemu. Huyu atakwambia ile inayochezesha FIFA bila kukwama, yule atakutajia GTA, na wa tatu, ambaye kompyuta yake mwenyewe haiwaki mpaka ipigwe kofi, atakutajia kadi mpya kabisa kama anasoma matokeo ya ligi. Wote hao hawatakuuliza swali moja dogo: unataka ikufanyie kazi gani?

Mimi nilitaka ya kupigia video. Niko mwaka wa tatu, na mwisho wa wiki napiga muziki wa video kwenye sendofu, kicheni pati na harusi. Kazi hii tunaifanya wawili, mimi na mwanafunzi mwenzangu wa uhandisi. Yeye anabeba spika na kufunga nyaya, mimi nakaa kwenye kompyuta. Hela ninayopata ndiyo inayomalizia ada yangu, na nyote mnajua kwamba usipomaliza ada, chumba cha mtihani utakiona kwa dirishani.

Laptopu yetu ilikuwa imeshachoka. Wimbo mmoja ilicheza vizuri, lakini wimbo wa pili ulipoanza kuingia juu ya wa kwanza, picha ikaanza kurukaruka. Ukumbini hakuna mgeni atakayesema kompyuta imezidiwa. Watasema DJ mbovu, na MC ataongeza utani wake hapo hapo. Kwa hiyo tulinunua kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex yenye prosesa ya i5 kizazi cha 7, na tukabaki na laki sita za kuikamilisha. Laki tatu zilikuwa zangu. Laki tatu nyingine mama yake mwenzangu alizikopa kwenye vikoba, na marejesho ni kila Jumapili, mvua inyeshe, jua liwake. Hizo ndizo hela zilizonifanya nisome habari za kadi kama nasomea mtihani.

Tuanze na kazi yenyewe. Video ya 1080p ina picha zenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya nukta milioni mbili kwa kila picha. Kila sekunde zinapita picha 25 au 30. Ukizihesabu zikiwa zimeshafunguliwa, baiti nne kwa kila nukta, wimbo mmoja unamwaga kama megabaiti 250 kila sekunde. Faili lenyewe kwenye diski ni dogo kwa sababu limebanwa, mara nyingi kwa mtindo unaoitwa H.264. Kwa hiyo kuna mtu lazima alibanue huku wimbo ukiendelea. Nyimbo mbili zikipokezana, yanabanuliwa mafaili mawili kwa pamoja, yanachanganywa, yanawekewa jina la bibi harusi juu, halafu yanatumwa kwenye projekta bila kuchelewa nyuma ya sauti.

Gemu haifanyi hivyo. Gemu inachora kila kitu upya: ukuta, kivuli, jasho la mchezaji. Ndiyo maana inataka kadi yenye misuli. Video imeshachorwa na mtu mwingine studio, na kadi za kisasa zina kipande maalumu ndani yake cha kubanua video, kando kabisa na misuli ya gemu. Ukiwa DJ wa video unakifuata kipande hicho kwanza. Misuli unaihitaji kiasi tu, kwa ajili ya kuchanganya picha na kuweka madoido.

Sasa kuna swali ambalo muuzaji hatakuuliza: je, unahitaji kadi kweli? Prosesa nyingi za Intel zina grafiki ndani yake, na hiyo i5 yetu inabanua H.264 bila shida. Tulijaribu kabla ya kutoa hata senti. Tukafungua VirtualDJ, tukaweka nyimbo mbili za 1080p, tukazipokezanisha huku tumefungua Task Manager ya Windows upande wa grafiki, ambapo kuna mchoro unaoonyesha kazi ya kubanua video peke yake. Nyimbo mbili zilipita. Tulipoongeza madoido, maandishi na kurekodi shoo nzima, picha zikaanza kuchelewa. Wateja wetu wengi wanataka rekodi, kwa hiyo jibu letu likawa ndiyo, tunahitaji. Lakini kama wewe unapiga nyimbo tu bila mbwembwe, fanya jaribio hilo kwanza. Huenda ukarudi nyumbani na hela yako.

Mwenzangu tayari alikuwa na jina mdomoni: RTX 2060. Kuna mtu wa bweni la jirani alikuwa anaiuza.

"Kaka, hiyo ni ya gemu," nikamwambia.

"Dada, ya gemu ndiyo inayoweza yote. Halafu tukitaka kukua je? Kesho tukipata ukumbi mkubwa, tunanunua tena?"

Hoja yake ilikuwa na uzito, na sikutaka kuipuuza, maana nusu ya hela ilitoka kwao. Nikamwomba tufungue mfuniko wa kompyuta tuangalie pawa saplai. Imeandikwa wati 240. RTX 2060 inataka wati 160 peke yake, na inataka waya wa ziada wenye pini nane kutoka kwenye pawa saplai. Yetu haina waya huo. Prosesa inataka wati 65, bado diski na feni. Pawa saplai za kompyuta hizi za ofisini mara nyingi zina umbo la kampuni yenyewe, huwezi kuokota yoyote dukani ukaichomeka. Kununua kadi ile kungetulazimisha kuhangaikia pawa saplai nyingine, na hapo laki sita zinakwisha kabla hatujagusa kitu kingine. Yeye ndiye mwanauhandisi. Alipiga hesabu mwenyewe kwenye simu, akanyamaza, kisha akafunika kompyuta.

Tukakubaliana masharti manne. La kwanza, kadi ile umeme unaotoka kwenye tundu la madabodi, ambao hauzidi wati 75, bila waya wa ziada. La pili, iwe na matundu mawili ya picha au zaidi: moja la kioo changu, jingine la ukumbi. Kama ukumbi una projekta na televisheni mbili zinazoonyesha kitu kile kile, huna haja ya matundu manne, spilita ya HDMI inagawa picha hiyo moja kwa bei ndogo. La tatu, kumbukumbu ya gigabaiti nne, ili madoido na maandishi yasibanane. La nne, iwe na kipande cha kurekodi, siyo cha kubanua tu. Sharti hili la nne ndilo linalowapita wengi.

Kariakoo tulizunguka siku nzima. Duka la kwanza muuzaji alimwangalia mwenzangu muda wote, mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Alitutolea GT 710, ya bei poa sana. Hiyo inabanua H.264, lakini faili la HEVC, ambalo simu nyingi sasa hurekodia, haiwezi. Mteja akikuletea video ya kumbukumbu ya marehemu babu aliyoipiga kwa simu, mzigo wote unarudi kwa prosesa. Duka la pili lilikuwa na GT 1030. Kadi nzuri, inakula wati 30 tu, inabanua HEVC pia. Ila haina kipande cha kurekodi, na kumbukumbu yake ni gigabaiti mbili. Tena kuna aina mbili zenye jina hilo hilo: ya GDDR5, na ya DDR4 iliyotoka 2018 ambayo kumbukumbu yake ni ya polepole mno. Boksi linafanana, soma maandishi madogo.

Duka la tatu tukaikuta GTX 1050 Ti. Hii ilitoka 2016, ina gigabaiti nne, wati zake ni 75, nyingi hazitaki waya wa ziada, inabanua HEVC na inarekodi. Masharti yetu yote manne. Na zaidi ya hapo, hiyo ya dukani ilikuwa na tundu la VGA, lile la bluu, ambalo projekta za kumbi nyingi za mtaani bado zinalitumia. Bei ilikuwa chini ya tulivyotegemea. Mwenzangu akaanza kutoa hela mfukoni.

Mimi ndilo tundu lililonitia shaka. Chipu za GTX 1050 Ti hazitoi VGA zenyewe, familia ile yote iliachana nayo. Kadi yenye jina hilo na tundu la bluu ni ya kuulizia maswali, kwa sababu kuna kadi za zamani, kama GTS 450 ya 2010, zinazobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina jipya. Windows inaamini jina. Nikamwomba muuzaji aichomeke, nikatoa flashi yangu yenye GPU-Z, programu ndogo ya bure ambayo tangu 2018 inazitambua kadi feki za NVIDIA. GTX 1050 Ti halisi huonyesha chipu ya GP107 na viini 768. Hii ilionyesha vingine, na mbele ya jina pakaandikwa FAKE kwa herufi kubwa. Muuzaji mwenyewe alishtuka, akasema naye aliletewa mzigo. Sijui moyo wake, na sikumbishia. Nilimshukuru kwa kuturuhusu kupima, tukatoka. Mwenzangu alikuwa kimya mpaka kituo cha daladala, kisha akasema taratibu, "Ile hela mama angeilipa Jumapili ngapi?"

Ya halisi tuliipata siku mbili baadaye, ya mtumba, kwa laki mbili na themanini. Matundu yake ni HDMI, DisplayPort na DVI. Tuliipima kwa nyimbo zetu wenyewe, nusu saa nzima, tukisikiliza feni na kuangalia joto. Ombi hilo usilione aibu. Anayeuza kitu kizima hana sababu ya kukuharakisha.

Zile zilizobaki ndizo zilizoleta tofauti kubwa kuliko kadi. Tulinunua SSD, kwa sababu DJ anarukaruka ndani ya wimbo. Video iliyobanwa haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi picha kamili mara chache, na katikati inaandika mabadiliko tu. Ukiruka katikati ya wimbo au ukiurudisha nyuma, kompyuta inarudi kwenye picha kamili iliyo karibu na kuanza kujenga kutoka hapo, na diski nzito inakuchelewesha. Tukanunua na adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye chipu ndani yake. Waya mtupu hauwezi kugeuza mawimbi ya kidijitali kuwa ya analogi. Na usidanganyike na DVI: kama kando ya lile tundu bapa hakuna pini nne ndogo, VGA hutaipata hapo kwa waya wala adapta ya bei rahisi.

Tulimaliza tukiwa na laki moja na kidogo mkononi. Mwenzangu alipendekeza tununue taa za rangi. Mimi nikasema ziende vikoba. Tulibishana, safari hii bila GPU-Z ya kutuamulia, mpaka tukakubaliana kwamba deni la mtu ambaye hajawahi kuingia ukumbini na sisi linatangulia. Alimpelekea mama yake marejesho ya wiki nne kwa mpigo.

Siwaambii kadi hii itafaa milele. Video za mtindo mpya wa AV1 haizibanui, na siku tutakapopewa ukumbi wenye kuta za LED zinazotaka picha tofauti kila upande, itabidi tutafute nyingine, pengine pamoja na kompyuta nzima. Siku hiyo mwenzangu ataleta tena hoja yake ya kukua, na itakuwa na pesa ya kuibeba. Kwa sasa tumefanya harusi sita, wimbo unaingia juu ya mwingine na picha haitikisiki. Wageni hawajui kadi gani iko ndani ya lile boksi jeusi, wala hawana sababu ya kujua. Wanacheza tu, na marejesho ya vikoba yamebaki ya Jumapili tatu.