Mananasi ya Idjwi, na jagi isiyotiwa wiski

Katika likizo ya Pasaka nilivuka ziwa kwenda Idjwi kununua mananasi. Mtasema: mwalimu, mananasi ya Idjwi yanashushwa kila siku pale Beach Muhanzi, wewe unalipa boti ya nini? Ni kweli. Lakini shemeji yangu alikuwa analetewa mahari siku ya Posho, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya vinywaji. Tena nilikuwa na jambo la kumwambia shangazi yangu anayeishi kule, jambo ambalo mwaka mzima nilikuwa sijalisema kwa mtu wa ukoo wetu.

Niliondoka siku ya Tatu asubuhi na mapema, kabla ziwa halijaamka. Wanaosafiri na boti za mbao wanajua: asubuhi maji ni laini kama kitambaa kilichopigwa pasi, mchana upepo unaamka na hapo utakumbuka sala zote ulizofundishwa. Dai jile ya kuokoa hata kama mwenye boti anakukunjia uso. Mimi nilidai, akanipa moja isiyo na kamba, nikamwambia hapana, akaleta nyingine. Tulipita wavuvi wa sambaza wakirudi na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, wakiimba kwa sauti za kuchoka. Samaki huyu tunayemwona kama wa kwetu tangu zamani aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, jambo ambalo wanafunzi wangu kila mwaka wanakataa kuamini.

Shangazi anakaa Idjwi ya Kusini, upande wa Ntambuka. Kutoka bandarini unapanda kilima kwa miguu kati ya migomba na kahawa, na ukifika juu unageuka kuangalia ulikotoka. Ziwa liko pande zote, milima ya Kalehe upande mmoja na ya Rwanda upande wa pili. Kisiwa hiki ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Watoto wanaoga majini bila hofu kwa sababu Kivu haina mamba wala kiboko.

Mananasi shangazi hanunui, anayo nyuma ya nyumba. Nilipoanza kuvuta jani la katikati ili nijue kama limeiva, alicheka. “Mwalimu, jani linatoka hata kwenye nanasi lililooza. Geuza, unuse chini.” Ndivyo alivyochagua yote, moja moja, akinusa kitako kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto mchanga. Lenye harufu tamu, chukua. Lisilo na harufu, liache shambani, kwa sababu nanasi likishakatwa haliongezi sukari tena. Rangi yake inaweza kugeuka njano ukiliweka ndani siku kadhaa, lakini utamu ni ule liliokatwa nao. Lenye harufu ya kuchacha, mpe mbuzi. Nilichukua kumi, na marakuja kikapu kimoja kwa jirani yake, bei karibu nusu ya ile ya Bukavu.

Siku ile walikuwa wanakamua kasiksi. Ndizi zilikuwa zimeivishwa shimoni, zimemenywa, wanazikanda kwa majani makavu mpaka maji yanatoka. Shangazi aliwapa watoto kikombe kimoja kimoja cha maji yale matamu, kisha akamwaga yaliyobaki katika mtungi, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika. Akawaambia: “Kuanzia sasa, huu ni wa wakubwa.” Na watoto wakaondoka. Hawakubishana, maana siku ya pili mtungi ule wenyewe unasema: unatoa povu, unanuka, una unga juu. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba haya si yale maji ya jana.

Hapo ndipo nikamweleza.

Mwaka jana, kwenye sherehe nyumbani kwetu, nilitengeneza jagi kubwa la nanasi, marakuja na wiski. Lilikuwa tamu, baridi, na lilisifiwa. Niliacha jagi mezani tulipotoka nje kupokea wageni kwa nyimbo. Binti yangu wa miaka sita aliingia ndani na kiu yake, akaona juisi ya nanasi ya mama yake, akajimiminia. Glasi moja, labda mbili. Tulimkuta amelala kwenye kochi na gauni lake la sherehe. Nilisema amechoka, nikamfunika kitenge, nikarudi kwa wageni. Mama mkwe ndiye aliyekwenda kumwamsha na hakuamka. Alikuwa na jasho baridi, ametapika kidogo mdomoni.

Kwenye kituo cha afya mganga alimpima sukari ya damu kwa tone la kidole. Ilikuwa chini sana. Alinieleza bila kunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi: pombe kwa mtoto mdogo inazuia ini kutoa sukari, mwili unakosa nguvu, anaweza kupata degedege au kupotea kabisa huku watu wanasema amelala. Wakamwekea maji ya sukari kwenye mshipa. Saa kumi za usiku alifungua macho akaomba mkate.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Sikutarajia atanibembeleza, na hakunibembeleza. Alisema: “Kasiksi yangu haidanganyi mtu. Wewe uliificha pombe ndani ya nanasi.” Kisha akaniuliza kama ninataka viazi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na neno lile. Mama mkwe alikuwa ameshasema kwamba mwaka huu hataki kuona wiski nyumbani. Bwana yangu alisema wazee wa upande wa pili wataleta chupa yao, hatuwezi kuwakataza. Nikaamua hivi: wiski isiingie katika jagi. Iingie katika glasi ya yule anayeitaka, mbele ya macho yake.

Nawaandikia jinsi nilivyofanya, kwa watu kama kumi. Nanasi moja kubwa limenywe na kukatwa vipande, lisagwe kwa mashine au litwangwe kwenye kinu kisafi. Marakuja nane, limao mbili, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Changanya na lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, chuja, onja, kisha ndipo uamue sukari. Nanasi la shangazi halikuhitaji hata kijiko kimoja. Maganda usitupe: yaoshe vizuri kabla ya kumenya, yachemshe na tangawizi, utapata kinywaji cha watoto cha siku ya pili.

Barafu itoke katika maji yaliyochemshwa pia. Hapa kwetu tunakijua kipindupindu, na kuganda hakuui vijidudu vyake. Nimesikia watu wakisema wiski itaviua. Haiwezi. Ikishachanganywa katika glasi ya juisi imekuwa nyepesi kama bia.

Na kipimo? Anayetaka wiski atapata vijiko viwili vya supu, yaani mililita 30, katika glasi ya sentilita 20. Nilipiga hesabu ubaoni kwangu kabla ya kumpigia mtu mwingine: wiski ya asilimia 40, mililita 30, ndani yake kuna mililita 12 za alkoli. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 yenye asilimia 5 ina 36. Kwa hiyo glasi tatu za namna hii ni chupa moja kubwa ya bia. Mtu anayemimina kwa macho, wakati nyimbo zimekolea, anaweka mara tatu ya hapo katika glasi moja, na utamu wa nanasi hautamwambia chochote. Chupa yenyewe iwe imefungwa na kiwanda, uivunje mfuniko mwenyewe. Ile inayomiminwa kutoka katika bido, isiyojulikana ilipikwa wapi, iacheni. Alkoli mbaya inapofusha watu na kuwaua, na nanasi haliiondoi sumu.

Siku ya Posho niliweka majagi matatu mezani, yote ya juisi tupu. Chupa ya wiski na kijiko vilikaa kwa mdogo wangu wa kiume, juu ya kabati, naye alikaa karibu nayo mpaka mwisho kama askari wa benki. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alicheka kijiko. “Mnatupimia kama dawa ya kikohozi?” Mama mkwe akamjibu, “Ndiyo, baba, na chukua meza yako ya pili baada ya kula.” Watu wakacheka, akanywa.

Kitu kimoja sikukitazamia. Glasi zote zilikuwa na rangi moja. Wanawake wanaonyonyesha, wenye kumeza dawa, wale wa makanisa yasiyogusa kileo, wote walishika glasi sawa na za wengine na hakuna aliyeulizwa kitu. Mke wa kaka yangu alinishika mkono jikoni akaninong’oneza kwamba ana miezi miwili, hajamwambia mtu bado, na alikuwa anaogopa sherehe hii kwa sababu ya maswali. Kwa mwenye mimba hakuna kipimo, hata kile kijiko kimoja. Nilimjazia glasi yake mpaka juu.

Binti yangu alisimama mbele ya meza muda mrefu. Ana miaka saba sasa. Aliniuliza, “Mama, hii ni ipi?” Nikajimiminia kwanza, nikanywa, nikampa.