Kufundisha Uchakataji wa Picha kwa Hatua: Mafunzo Tuliyoyapata Vudee

Walimu wenzetu wengi huliogopa somo la uchakataji wa picha kwa kompyuta. Hulidhani ni somo la vyuo vikuu, lenye kuhitaji mitambo ya gharama na intaneti isiyokatika. Nasi tulikuwa na dhana hiyo hiyo mpaka tulipofuatana na walimu-wanafunzi wetu katika mazoezi ya kufundisha huko Vudee, katika milima ya Upare ya Kusini, wilayani Same. Katika makala haya tunakusudia kueleza njia tuliyoitumia, kosa tulilolifanya mbele ya darasa, na jinsi kosa hilo lilivyotufundisha kuliko andalio letu la somo.

Vifaa vyetu vilikuwa haba: kompyuta mpakato moja, vishikwambi vichache vya aina ile waliyogawiwa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022, na flashi moja. Ndani ya flashi mlikuwa na faili moja tu, yaani ukurasa ulioandikwa kwa lugha ya JavaScript. Ukurasa huo hufunguliwa kwa kivinjari cha kawaida bila kuhitaji intaneti. Mwanafunzi huchagua picha iliyomo katika kifaa chake; kivinjari huichora na kuigeuza kuwa safu ndefu ya namba. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, hupewa namba nne kati ya 0 na 255: moja ya wekundu, moja ya ukijani, moja ya ubluu na moja ya uwazi. Kazi yote hufanyika mumo humo kifaani.

Jambo hili lina faida mbili. Kwanza, somo halisimami mtandao unaposuasua. Pili, picha za wanafunzi hazipelekwi popote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatukumbusha kwamba picha ya mtoto ni taarifa yake, wala si mali ya mwalimu ya kutawanya apendavyo.

Kabla ya kuwasha kifaa chochote tulianza na karatasi ya mirabaraba. Tuliandika namba tisa katika miraba mitatu kwa mitatu: 40, 42, 41, 43, 250, 40, 39, 41, 40. Tukawauliza wanafunzi: je, hiyo 250 ni kitu cha kweli, au ni chembe ya vumbi katika kioo cha kamera? Wakatafuta wastani, wakapata 64. Wakazipanga namba kwa ukubwa na kuchukua ya katikati, wakapata 41. Kisha tukaweka kizingiti cha 100: namba iliyozidi hapo iwe nyeupe, isiyozidi iwe nyeusi. Waliolainisha picha kwanza kwa wastani walipata mraba mweusi. Waliotangulia kuweka kizingiti walibaki na doa jeupe. Hivyo wakatambua kwa mikono yao wenyewe kwamba hatua zile zile, zikipangwa kwa utaratibu mwingine, huleta jibu jingine.

Ili kuwaeleza mpangilio huo wa hatua hatukuhitaji kutafuta mfano mbali. Upareni watu wamechimba mifereji tangu zamani, na katika mifereji hiyo wamejenga ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu. Maji hutoka kwenye banio, hupita mferejini, hutulia ndivani, kisha hugawiwa mashambani. Picha nayo hupita vivyo hivyo: kila hatua hupokea kilichotoka katika hatua iliyotangulia. Wanafunzi walilielewa hilo mara moja.

Kwa kuwa mfano ulikuwa mwema, tukaona tuufanye kuwa zoezi. Tulipiga picha ya ndiva kutoka ukingoni ili kompyuta ikadirie eneo lililofunikwa na maji. Picha ilikuwa na pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12, na vishikwambi vyetu vilielemewa. Tukaipunguza hadi 400 kwa 300, nazo zikabaki pikseli 120,000. Baada ya hapo tukaigeuza kuwa ya kijivu, tukailainisha, tukaweka kizingiti, tukahesabu. Kompyuta ikatoa jibu bila kusita, nasi tukalisoma kwa sauti ya ushindi mbele ya wanafunzi na wazee wachache tuliokuwa tumewaalika.

Mzee mmoja, mtu wa siku nyingi katika mambo ya zamu za maji, aliinama akaitazama picha ya mwisho. Akasema, “Walimu, hapa mlipopaka rangi si maji. Hicho ni kivuli cha miti juu ya majani.” Kisha akauliza kwa upole, “Na kama tungegawa zamu kwa hesabu hii, shamba la nani lingekauka?”

Hatukuwa na la kujibu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumewaonyesha watu picha ya mwanzo na jibu la mwisho tu, na yaliyopita katikati tuliyafunika. Mwanafunzi angewezaje kutilia shaka asichokiona?

Siku iliyofuata tulirekebisha ukurasa ili kila hatua ioneshe picha yake, zote zikiwa zimepangwa kwa mfuatano. Tukawaagiza wanafunzi watafute mahali ambapo kivuli kiligeuka kuwa maji. Hawakukawia. Waligusa pikseli moja ya maji yenye tope wakasoma: wekundu 90, ukijani 60, ubluu 40. Wakagusa pikseli ya majani yaliyo kivulini: 45, 85, 30. Kanuni ya kijivu huzidisha wekundu kwa 0.299, ukijani kwa 0.587 na ubluu kwa 0.114, kisha hujumlisha, kwa kuwa jicho la binadamu huhisi zaidi mwanga wa kijani. Walipokokotoa na kukadiria kwa namba nzima, maji yalitoa 67, na kivuli nacho kikatoa 67.

Basi kosa halikuwa katika kizingiti wala katika kuhesabu. Tofauti kati ya maji na majani ilipotea tulipoitupa rangi, na hakuna hatua ya chini yake iliyoweza kuirudisha. Mkulima wa bondeni anaujua ukweli huu: maji yaliyovujia kwenye banio hayawezi kuokotwa shambani. Wanafunzi walipendekeza dawa wao wenyewe: kabla ya kijivu, iwekwe hatua ya kuondoa kila pikseli ambayo ukijani wake unazidi wekundu. Katika picha ile dawa ilifaa. Hatudai kwamba itafaa kwa kila ndiva na kwa kila saa ya mchana.

Kutokana na hayo tunawashauri walimu wenzetu mambo matatu. Hesabu ya karatasi itangulie kifaa. Kila hatua ioneshwe, hata kama jibu la mwisho linaonekana sahihi. Na kila jibu la picha lipelekwe kwa mtu anayepajua mahali picha ilipopigwa. Kwa atakayeandika ukurasa wa namna hii tunaongeza tahadhari moja: picha ichaguliwe na mtumiaji mwenyewe kwa kitufe cha kuchagua faili. Ukiitaja moja kwa moja ndani ya ukurasa uliofunguliwa kutoka kwenye flashi, huenda kivinjari kikaionyesha lakini kikakataa kutoa namba zake, kwa sababu za usalama.

Kabla ya kuondoka tulimpelekea yule mzee picha mpya. Aliitazama hatua kwa hatua, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, akasema, “Sasa ni maji.” Kisha akatukumbusha kwamba ndiva hujaa tope chini, na kwamba picha ya juu haisemi kina kimebaki kiasi gani. Swali hilo hatukulijibu. Tuliliandika ubaoni, likawa mwanzo wa somo lililofuata.