Shujaa Bila Shahidi Hana Medali

Leo nina swali moja tu, na usikimbilie simu kutafuta jibu. Nitajie askari mmoja wa Kitanzania aliyefanya ushujaa vitani. Sisemi jenerali, nasema askari wa kawaida wa kubeba bunduki. Umekwama, eeh? Usijali, kijiweni kwetu Kikwajuni tulikwama wote. Lakini Rambo kila mtu anamjua, mpaka staili yake ya kufunga kitambaa kichwani!

Mimi askari wangu yumo nyumbani. Ni babu, mzaa mama. Alikwenda Vita vya Kagera akiwa na miaka ishirini na kitu, umri wangu huuhuu. Medali yake haikutundikwa ukutani. Imo kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za pensheni na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mwaka jana masika ilituezulia paa la jikoni. Mjomba akaja na wazo lake: mjini kuna jamaa ana duka la vitu vya kale, watalii wanavizimia kweli, basi medali iuzwe tupate bati. Bibi kimya. Babu kimya. Nikadakia mimi: "Babu, kabla haijaondoka, hii ulipewa kwa kufanya nini?"

Akacheka. "Kwa kwenda na kurudi tu, mjukuu wangu. Hii tulipewa chungu nzima."

Hapo ndipo alipoanza kunipa darasa. Kumbe medali za vita zipo za aina mbili. Ya kwanza ni ya kushiriki: ulikuwepo, unastahili. Ya pili ni ya ushujaa: ulihatarisha roho yako kwa jambo ambalo ungeweza kuliacha na mtu asikulaumu. Hii ya pili haitoki hivihivi. Lazima awepo aliyeona, akasema, yakaandikwa.

Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa. JWTZ wakawarudisha kwao na kuwafuata humohumo. Masaka ilichukuliwa Februari 1979, Machi wakapigana Lukaya kwenye matope na majani marefu, na Aprili 11 Kampala ikaanguka.

Babu Kampala hakuiona. Kule Lukaya kipande cha chuma kilimpiga pajani. Aliyembeba mgongoni na kumtoa kwenye yale matope ni kijana wa Songea, ambaye kambini walikuwa wakimtania kwa Kiswahili chake. Alimfikisha kwa madaktari, akarudi mbele. Hawakuonana tena. "Aliyemwona ni mimi," babu alisema, "na mimi nilikuwa nusu nimezimia. Hakuna aliyeniuliza."

Yakhe, sikulala siku ile.

Sasa sikiliza hii ya Novemba 2018, karibu na Beni, mashariki ya Kongo. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa, Wamalawi na Watanzania, wanapambana na waasi wa ADF. Risasi zinazidi, inabidi warudi nyuma. Koplo mmoja wa Kitanzania ameumia vibaya, hawezi kujisogeza. Praiveti Chancy Chitete wa Malawi hakumwacha. Alimburuta mpaka penye kinga, na katika kumwokoa akapigwa risasi yeye. Chitete akafa, koplo wetu akapona.

Mei 2019, kule New York, Umoja wa Mataifa ukamtunuku Chitete medali ya ushujaa wa kipekee. Medali hiyo ina jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994 kabla ya kuuawa. Unaona tofauti ya Chitete na yule kijana wa Songea? Ushujaa ni uleule. Chitete alipata mashahidi, basi.

Na hili ni letu, msomaji wa Unguja. Desemba 7, 2017, hukohuko Beni, kambi ya Semuliki ilivamiwa, wakauawa askari wetu 15. Kadhaa kati yao walikuwa vijana wa visiwani, na udongo wetu ndio uliowapokea. Kila mlinda amani anayefia kazini hupewa medali ya Dag Hammarskjöld. Ni heshima kubwa. Lakini medali ile inatwambia fulani amekufa. Haitwambii alikuwa akimkinga nani dakika ile. Hilo wanalijua wenzake waliorudi, na wengine tunapishana nao Darajani kila siku wakinunua mboga.

Mjomba bati alilipata kwa pesa za upatu wa bibi, na babu nimeshamrekodi kanda tatu za simu, kila moja saa nzima. Jina la yule kijana wa Songea ninalo, na naendelea kuwatafuta jamaa zake ili angalau wajue.

Nawe unaye wako. Ni babu, mjomba, au yule mzee wa barazani anayechechemea na hujawahi kumuuliza kwa nini. Jumapili hii Forodhani ipo tu, pweza hakimbii. Nunua kahawa na kashata, mwamkie mzee wako kwa adabu, kaa naye. Usimuulize aliua wangapi. Muulize nani alimwokoa. Halafu nyamaza, umsikilize.