Safari Yetu ya Pwani

Fedha tulizoziweka kwa ajili ya bati za nyumba yetu hapa Busunzu tulizitumia kwenda kutazama bahari. Majirani walitusema sana, wala si bila haki.

Tulipanda gari la moshi Kigoma, tukaenda zaidi ya kilomita 1,200 hata Dar es Salaam. Tukazuru Bagamoyo, kisha tukavuka kwa meli kwenda Unguja. Katika kisiwa cha Changuu tuliona kobe wakubwa mno, ambao wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Tulicheka kama watoto.

Lakini Mkunazini hatukucheka. Hapo palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Na mwaka uo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu. Karibu na kanisa, shimoni, zimesimama sanamu 5 za watu wenye minyororo shingoni. Ndipo tulipotambua ya kuwa njia tuliyoijia ni karibu ile ile ya misafara iliyotoka Ujiji kwenda Bagamoyo kwa miguu. Nasi tulikuwa tumelalamikia ugumu wa viti!

Zamani Bibi alituhadithia habari za dada wa bibi yake, aliyekwenda kuteka maji asirudi. Tulidhani ni hadithi ya kuwatisha watoto wasizurure.

Tuliporudi, watu waliuliza habari za kobe, tukawapa. Jioni tulimwendea Bibi, tukamwuliza jina la binti yule. Akanyamaza kitambo, kisha akasema yeye hakuambiwa.