Sherehe Isiyo na Pilau

Sisi tuliopita vyuoni twaikumbuka siku tulipoambiwa kuwa kitabu kile kigumu kina sherehe. Tukafurahi, tukanusa pilau. Kumbe sherehe yenyewe ni sharhi, yaani ufafanuzi wa matini. Nayo sharhi ikahitaji hashiya pambizoni ili nayo ifafanuliwe!

Tulianza na Ajurumiya ya Ibn Ajurrum, aliyefariki mwaka 723 Hijria. Ni kijitabu chembamba, hata wazazi wakadhani tutakimaliza kabla ya Ramadhani. Katika mifano ya darasa Zaidi humpiga Amri kila siku, wala hatukuulizwa kosa la Amri. Tuliulizwa irabu yake tu. Kisha ikaja Alfiya ya Ibn Malik, beti zipatazo 1,000 za nahau, ambamo kiwakilishi kimoja tulikitafutia mwenyewe juma zima.

Hata hivyo, ufupi ule una hekima. Matini yalifupishwa ili yahifadhiwe kifuani, na mwalimu ndiye ufunguo wake.

Ila mjane ajapo msikitini kuuliza fungu lake la mirathi, hakujia irabu. Ataka kujua kuwa ni thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Tulisoma kwa maneno mazito ili tumjibu kwa mepesi.

Basi wazazi, mtoto arudipo kutoka chuoni, mwambieni awasimulie somo lake kwa Kiswahili. Akiweza, ameelewa. Asipoweza, mpeni chai, kisha arudie.